Ardhi Nayo Hucheza

Kuna kitendo kimoja kidogo ambacho kamera za televisheni hukipita haraka, maana hakina pointi wala kelele. Mpira umempita mpigaji. Ulitua mbele yake, ukashtuka, ukapaa hadi usawa wa kidevu, naye akaukwepa kwa upana wa kidole. Mrushaji anarudi taratibu kuanza mbio upya, akiusugua mpira kwenye suruali. Mpigaji hamtazami. Anatembea hatua chache kuingia katikati, kichwa kimeinama, anapatafuta pale mpira ulipotua, kisha anapagongagonga kwa ncha ya gongo lake. Anaokota kibonge cha udongo kilichobanduka, anakitupa kando, anarudi mahali pake na kujiweka tayari. Wapenzi wa kriketi hutania kwamba hapo mtu anapalilia bustani. Mimi kila nikimwona, naona mtu anayejua vizuri kwamba adui aliyemkosakosa sasa hivi hakuwa mmoja. Walikuwa wawili, na huyu wa pili hana jezi, hana jina kwenye ubao, na hawezi kutolewa nje.

Kwa asiyeufuatilia mchezo huu, picha yenyewe ni hii: katikati ya uwanja mpana wa kijani umelazwa ukanda mwembamba wa udongo ulioshindiliwa, urefu wake mita 20.12 na upana mita 3.05. Wenyewe huuita pichi. Upande mmoja yuko mrushaji mwenye mpira, upande wa pili mpigaji mwenye gongo, na nyuma yake vijiti vitatu anavyovilinda. Katika soka, uwanja mbovu huwachosha wote kwa pamoja, na kipenga kikilia wanabadilishana pande. Kriketi ina hesabu nyingine. Mara nyingi mpira hautoki mkononi ukaenda moja kwa moja kwenye gongo, hutua kwanza. Mrushaji huukabidhi mpira kwa ardhi, na ardhi ndiyo humfikishia mpigaji. Njiani hapo ardhi ina uhuru wake: inaweza kuuongeza mwendo au kuufyonza, kuuinua au kuuzamisha, kuuacha unyooke au kuupindisha kwenda kulia au kushoto. Mrushaji anaweza kuwa na nia moja, ardhi ikawa na nia nyingine, na mpigaji akalazimika kuzisoma zote mbili kwa muda usiofika sekunde moja.

Udongo wa pichi ni wa mfinyanzi, ule unaovimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka. Mtunza uwanja huumwagilia, husubiri, kisha hupitisha rola nzito mara nyingi mpaka chembe zake zikabanana. Udongo uwahi ungali maji, walisema wazee, na sidhani kama kuna mahali methali hiyo ni kweli ya kushikika kwa vidole kuliko hapa. Akiwahi mno, rola huubeba udongo na kuuachia makovu. Akichelewa, umeshakuwa mgumu na hausikii tena. Ndiyo maana asubuhi ya mechi utawaona wachambuzi na manahodha wamechuchumaa juu ya pichi, mmoja anabonyeza kwa kidole gumba, mwingine anachomeka ncha ya ufunguo wa gari kwenye ufa apime kina chake, mwingine anapiga kwa kiganja asikilize mlio. Nyasi zikiachwa ndefu kidogo, na unyevu ukiwa bado upo, mshono wa mpira utashika na mpira utayumba. Hiyo ni asubuhi ya warushaji wa kasi. Nyasi zikinyolewa hadi rangi ya kijani ipotee na udongo ung'ae, wapigaji watakula chakula cha mchana wakiwa na furaha. Udongo mwekundu wa Mumbai hurusha mpira juu kuliko udongo mweusi wa sehemu nyingine za India. Uwanja wa zamani wa Perth, Australia, ule wa WACA, ulijulikana kwa udongo mgumu uliowafanya hata mabingwa waliozoea mpira wa kiunoni waupokee kifuani.

Lakini hayo yote ni ya siku ya kwanza tu. Testi ni mechi ya siku tano, na pichi huzeeka mbele ya macho ya watu. Jua linaikausha, viatu vyenye meno vya warushaji vinachimbua pale wanapotua, nyufa zinafunguka, vumbi linaanza kuruka kila mpira ukigusa chini. Siku ya pili na ya tatu kwa kawaida ndizo za neema kwa mwenye gongo. Ya tano ni ya mrushaji wa mpira wa kuzunguka, yule ambaye siku ya kwanza alisimama pembezoni akiwa kama mgeni asiyejua amekaribishwa na nani. Sasa anayalenga yale mashimo yaliyoachwa na viatu, na mpira unapinda kwa kiasi ambacho hata yeye hakukitarajia. Kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi: kila ufa unaomtia hofu mpigaji umempunguzia mrushaji mzigo. Kuna mipira itakayoruka, na kuna itakayotambaa chini ikiwa imekataa kudunda, na kwa hiyo ya pili mtaka cha mvunguni sharti ainame, hata kama ni bingwa wa dunia.

Huu uzee wa pichi ndio unaonifanya niupende mchezo wenyewe. Michezo mingi hujitahidi kuisahaulisha ardhi: sakafu zile zile, mistari ile ile, mwanga ule ule, ili tuamini kwamba tunachokiona ni uwezo mtupu wa binadamu. Kriketi haijawahi kusema uongo huo. Timu zote mbili huchezea ukanda mmoja, lakini ukanda wa leo si wa kesho. Anayepiga Alhamisi na anayepiga Jumatatu wamekanyaga mahali pamoja pasipokuwa pamoja. Kwa hiyo kabla ya kila kitu hurushwa shilingi, na nahodha aliyebahatika hachagui upande, anachagua wakati.

Hakuna aliyeijua thamani ya wakati huo kuliko Don Bradman, nahodha wa Australia. Mwanzoni mwa 1937, mjini Melbourne, Australia ilikuwa imeshapoteza mechi mbili za kwanza dhidi ya Uingereza. Enzi hizo pichi hazikufunikwa; mvua iliponyesha ilinyesha juu ya mchezo. Ikanyesha, jua likafuata, udongo ukakauka juu huku chini bado mbichi, na hali hiyo huufanya mpira uruke bila adabu. Uingereza ikajikokota hadi mikimbio 76 kwa wiketi 9, yaani wapigaji tisa wakiwa wametolewa, nahodha wao akafunga hesabu ili Australia nao waingie kwenye matope yale yale. Bradman akaigeuza orodha yake kichwa chini. Akawatanguliza warushaji wake, watu ambao gongo kwao lilikuwa pambo, waende wakaile jioni mpaka pichi ikauke. Yeye mwenyewe akaingia wa saba, udongo ukiwa umetulia, akapata mikimbio 270, akiwa na mwenzake Jack Fingleton wakakusanya 346 kwa pamoja. Australia ikashinda mechi hiyo kwa mikimbio 365, kisha ikashinda na mfululizo wote 3–2. Watu hukumbuka hizo 270. Mimi naona kazi kubwa ilifanyika kabla hajavaa pedi, alipokubali kwamba kuna saa ambayo hata yeye, mpigaji bora kuliko wote, hana la kuiambia ardhi.

Sasa linakuja swali la mkono. Pichi haijitengenezi, na mwenye kuitengeneza ana timu yake. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Zamani mechi nyingi nchini Afrika Kusini na Pakistan zilichezwa juu ya mikeka ya nyuzi, ya makumbi ya nazi au ya juti, iliyotandikwa juu ya ardhi ngumu, na huko methali hiyo haikuwa fumbo: mkeka ukivutwa na kukazwa, mpira ulidunda juu, ukilegezwa kidogo, mpira ulishika na kupinda. Karachi, Oktoba 1956, Mpakistani Fazal Mahmood aliwarushia Waaustralia juu ya mkeka akachukua wiketi 13 katika mechi moja, na siku ya kwanza nzima timu zote mbili kwa pamoja zilipata mikimbio 95 tu. Walikuwa watu wale wale waliokuwa wametoka Uingereza kwenye nyasi. Hawakusahau kucheza njiani.

Leo mikeka imekunjwa, lakini ngozi bado inavutwa. Februari 2021, Ahmedabad, India iliimaliza Uingereza kwa siku mbili juu ya pichi iliyopindisha mpira tangu mapema. Joe Root wa Uingereza, ambaye kazi yake ni kupiga, alishika mpira akachukua wiketi 5 kwa mikimbio 8. Kelele zikapigwa. Januari 2024, India ikiwa mgeni Cape Town, pichi ya Newlands ikarusha mipira kama iliyochokozwa: Afrika Kusini ikaondoka na mikimbio 55, India ikafika 153 kisha wiketi zake sita za mwisho zikaanguka bila kuongeza hata mkimbio mmoja, na wiketi 23 zikawa zimeanguka kabla jua la siku ya kwanza halijazama. Mechi ikaisha siku ya pili baada ya mipira 642, Testi fupi kuliko zote zilizowahi kufikia mwisho kwa mshindi. Rohit Sharma, nahodha wa India aliyeshinda, alisema hana ugomvi na pichi ya namna hiyo, ilimradi wageni nao wafunge midomo wakija kwao na kuliona vumbi. Maneno ya mshindi huwa na chumvi, lakini haya yana haki ndani yake. Kwa nini mpira unaoruka usoni uitwe mtihani wa ushujaa, na unaopinda kwenye vumbi uitwe udanganyifu? Mcheza kwao hutunzwa, kila mahali. Waingereza wenyewe kuanzia 2016 hadi 2019 walijaribu kuwapunguzia wenyeji utamu huo katika ligi yao ya majimbo: timu mgeni ikitaka, ilianza kurusha bila shilingi kutupwa. Kisha wakarudi kwenye shilingi yao.

Hapa naweza kuonekana nasema kwamba ardhi ndiyo hucheza na watu ni kivuli chake. Basi nikumbushe ya Old Trafford, Manchester, Julai 1956. Pichi ilikuwa kavu, yenye vumbi, na Waaustralia waliilalamikia kuanzia siku ya kwanza. Jim Laker, mrushaji wa kuzungusha mpira wa Uingereza, akachukua wiketi 19 kati ya 20 kwa mikimbio 90, jambo ambalo halijawahi kufanywa na mtu mwingine katika Testi. Wengi huishia hapo. Lakini upande wa pili wa pichi ile ile alikuwa anarusha Tony Lock, naye mzungushaji, naye hodari, naye Mwingereza. Laker alirusha ova 68, kila moja ya mipira sita. Lock alirusha 69. Lock alipata wiketi moja. Udongo mmoja, vumbi moja, mvua iliyoingilia kati ni hiyo hiyo moja. Inasemekana kila wiketi ya Laker ilivyoanguka ndivyo Lock alivyozidi kukaza mwendo, mpira ukatua mahali pasipo pake, na ardhi iliyokuwa tayari kumsaidia ikakosa cha kusaidia. Neema ilimwagwa kwa wote. Mmoja alikinga, mwenzake mikono ilikuwa imekunja ngumi.

Sisi wa Afrika Mashariki tunao uwanja wetu wa kufikiria jambo hili, nao ni Gymkhana ya Nairobi. Tarehe 4 Oktoba 1996, kijana wa Kipakistani, Shahid Afridi, aliingia kupiga kwa mara ya kwanza katika mechi ya kimataifa, wapinzani wakiwa Sri Lanka, mabingwa wa dunia wa mwaka ule. Pichi ilikuwa ngumu na ya kweli, mpira ukija kwenye gongo bila hila, na Nairobi iko juu, hewa yake nyepesi, mpira ukishapaa hauna wa kuuzuia. Afridi alifika mikimbio mia kwa mipira 37. Rekodi hiyo ya mia ya haraka kuliko zote katika mechi za kimataifa za siku moja ilikaa hadi siku ya kwanza ya 2014. Sanath Jayasuriya, mmoja wa warushaji waliokutwa na zahama, alitozwa mikimbio 94 katika ova zake 10. Ukiuliza siku ile, ungeambiwa Nairobi ni kaburi la warushaji. Kisha ikaja tarehe 24 Februari 2003, Kombe la Dunia, uwanja ni ule ule na wageni ni wale wale Sri Lanka. Kenya ilijikusanyia 210 kwa wiketi 9, hesabu ambayo ingemfanya Afridi acheke. Lakini pichi ya siku hiyo ilikuwa na mwendo wa pole, mpira ukishika kabla ya kuinuka, na mrushaji wa Kenya Collins Obuya akaupokea ukarimu huo kwa vidole vyake. Wiketi 5 kwa mikimbio 24. Sri Lanka wote wakatoka wakiwa na 157, na Kenya ikaendelea hadi nusu fainali, nchi isiyo na hadhi ya Testi. Ardhi iliyomwinua mgeni 1996 ilimwinua mwenyeji 2003, na si kwamba ilimpenda mmoja ikamchukia mwingine.

Waganda nao walikutana na ardhi ya watu, wakaizoea haraka kuliko ilivyotegemewa. Juni 2024, huko Guyana, katika Kombe la Dunia la ova 20, pichi ya Providence ilikuwa nzito, mpira ukifika umechoka. Afghanistan iliwaacha Waganda na mikimbio 58. Siku mbili baadaye, juu ya uwanja huo huo, Mganda Frank Nsubuga mwenye umri wa miaka 43 alirusha ova nne akatoa mikimbio minne tu na kuchukua wiketi mbili, Papua New Guinea ikakomea 77, na Uganda ikazifikia kwa taabu ikiwa imebakiwa na wiketi tatu. Ilikuwa mechi isiyopendeza kwa anayependa mpira kuruka paa. Kwangu ilikuwa tamu. Mzee mwenye mpira wa polepole alipewa udongo wa polepole, na kwa dakika zile chache dunia ikalingana na kipimo chake.

Wiki hiyo hiyo, New York, walikuwa wakijaribu jambo jingine kabisa. Pichi zilioteshwa Florida ndani ya trei kubwa, zikisimamiwa na mtaalamu wa uwanja wa Adelaide, kisha zikapakiwa kwenye malori hadi Long Island na kuchomekwa ardhini wiki chache kabla ya mashindano. Sri Lanka ilitolewa kwa 77. India na Pakistan walivutana kwenye 119 na 113, na mipira mingine iliruka mingine ikazama kutoka sehemu ile ile. Nasikia wengi waliilaumu. Mimi niliihurumia. Udongo nao unahitaji misimu kadhaa ya kujuana na mahali, mizizi ishike, mvua ipite, jua lirudi. Ukiung'oa na kuupeleka mbali na kuutaka siku ya pili uwe na tabia njema mbele ya kamera za dunia nzima, unauonea.

Na labda hapo ndipo mchezo huu unanipeleka kila mara, nitake nisitake. Sisi tulioambiwa kwamba tumeumbwa kwa udongo tunapenda sana kuhesabu mikimbio na kusahau pichi. Tunamsifu aliyefika mbali, ni nadra kuuliza alikanyaga wapi. Tunamcheka aliyetolewa mapema, hatuulizi kama asubuhi yake ilikuwa na unyevu. Ukiwa umezaliwa siku ya pili ya mechi, jua limetulia na nyufa bado hazijafunguka, ni rahisi kuamini kwamba ufundi wako ndio ulioulainisha ulimwengu. Na aliyezaliwa jioni ya siku ya tano atafanya kila alichofundishwa, mguu mbele, kichwa juu ya mpira, na bado mpira utampita chini ya gongo. Hata hivyo sitaki kumwondolea mtu kazi yake. Lock yupo kunikatalia. Obuya naye yupo: msaada wa ardhi haukurusha mpira wenyewe, na miaka minane baadaye, vidole vikiwa vimepoteza siri ile, alishika gongo huko Bangalore akabaki na 98 bila kutolewa mbele ya Australia.

Nini basi mizani ya haki kati ya gongo na mpira? Wako wanaotaka pichi isiyompendelea yeyote, nami nilidhani hiyo ndiyo haki, hadi niliposoma habari za Faisalabad, Machi 1980. Udongo ulikuwa umekufa. Australia ilipata 617, Pakistan ikajibu kwa 382 huku ikipoteza wiketi mbili tu, Taslim Arif akisimama na 210. Waaustralia walichoka hadi wote kumi na mmoja wakarusha, mlinda vijiti Rod Marsh akivua glavu naye ajaribu. Hakuna aliyeonewa, na hakuna kilichotokea. Kumbe kutopendelea kunaweza kuwa namna ya kukataa mchezo. Afadhali ardhi yenye hasira kidogo, inayomnyima huyu asubuhi na kumnyima yule jioni, ambayo juu yake kila mmoja ana saa yake ya kuogopa na saa yake ya kutumaini.

Kwa hiyo nikilazimishwa kuchagua kati ya Faisalabad ile na Newlands ya 2024, nachukua Newlands. Wakaguzi waliitia alama mbaya, na walikuwa na sababu, kwa maana mipira ile ingeweza kuvunja mtu mkono. Lakini humo humo, wenzake wakianguka pande zote, Aiden Markram wa Afrika Kusini alisimama akapata 106 kwa mipira 103. Faisalabad, Dennis Lillee wa Australia, mmoja wa warushaji wa kasi walioogopwa sana wa zama zake, aliondoka bila wiketi hata moja.